Mahameli ya Kijani na Mbwa Aliyechoka

Kochi lilikutwa limeraruliwa saa mbili kasoro asubuhi, na mshukiwa alikuwa amelala palepale, kidevu sakafuni, anakoroma.

Aliyelikuta ni Nesi, mke wa fundi makochi, akitoka zamu ya usiku. Alipitia karakana iliyo nyuma ya nyumba ili amsalimu mumewe, akakuta mlango wazi, vipande vya sponji vimetapakaa kila kona, na kochi la watu watatu, la mahameli ya kijani, limetolewa matumbo. Katikati ya uchafu ule alijinyoosha Kishindo, mbwa wa baba mkwe wake. Nesi akapiga ukelele uliowatimua bata wa jirani kutoka bandani mwao.

"Shangazi! Shangazi, njoo uone maajabu!"

Shangazi alikuwa jikoni, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amestaafu kazi ya upelelezi, lakini hakuna aliyekubali kumvua cheo; nje ya nyumba hii wote walimwita Afande, hata wale aliowahi kuwatia pingu. Alifika jana jioni kumtembelea kaka yake, Mwalimu, naye mstaafu, aliyekuwa akiishi hapo pamoja na mwanawe fundi na mkamwana wake.

Tangu afike, Afande hakuwa na amani na sketi yake nyeusi. Kishindo alikuwa katika msimu wa kupukutisha manyoya, na kwa mbwa kama yeye hilo si jambo la mchezo. Alikuwa chotara. Mama yake ni mbwa mchungaji, wale wanaotumiwa na polisi. Baba yake ni wale wa nchi za barafu, wanaovuta sleji, yale magari ya theluji yasiyo na magurudumu. Kwa mama alirithi akili na masikio. Kwa baba alirithi jicho moja la buluu, wazimu wa kukimbia, na manyoya ya tabaka mbili, ambayo yale ya ndani hutoka mafungu kwa mafungu hata umchane kutwa. Alikuwa ameiegemea sketi ya Afande muda wa salamu tu, na sketi ikageuka ya kijivu.

Fundi alitokea getini mbio, mkononi ana pakiti ya pini za stepla. Alisimama mlangoni mwa karakana akashika kichwa.

"Nimekwisha! Shangazi, nimekwisha mimi! Mzee anakuja leo leo kuliona."

"Mzee yupi?"

"Aliyenifundisha kazi. Kitambaa alikileta mwenyewe, hakikubaki hata kipande cha kufutia pua. Nimetoka kidogo tu kwenda dukani, mlango nikausahau, na huyu..." Alimnyooshea Kishindo kidole. Kishindo alifungua lile jicho la buluu, akatikisa mkia mara moja, akalifunga.

Mwalimu alitoka bafuni na taulo shingoni, povu bado sikioni. Alilitazama kochi, akamtazama mbwa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nilitoa neno langu mbele yenu," alisema. "Alipotafuna mlango wa jikoni nilisema, akigusa kitu kimoja cha karakana, nitamtoa mwenyewe. Ngoja nimpigie yule mwenye shamba anayemtaka."

"Kaka, subiri basi!"

"Nisubiri nini, dada yangu? Nimesema, nimesema."

Akaingia chumbani kwake akichechemea, na walimsikia akiongea na simu kwa sauti ya mtu anayeagiza jeneza. Mwenye shamba angekuja na pikapu saa nne. Shamba lenyewe lilikuwa mbali kiasi kwamba kumtembelea mbwa huko ilikuwa safari ya siku nzima.

Nesi alimshika Afande mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa kukesha peke yake. "Shangazi, huyu mbwa akiondoka, baba atarudi kitandani. Wewe hukuwepo mama alipofariki. Alikuwa hali, haogi, anautazama ukuta tu. Kishindo ndiye aliyemtoa kule chumbani. Mbwa huyu asipotembezwa anabomoa nyumba, kwa hiyo ikambidi baba aamke. Nami kwa ujinga wangu, tangu nyonga yake ianze kumsumbua, nimempiga marufuku kutoka naye. Tazama sasa."

"Leo ametembezwa?"

"Nani amtembeze? Mimi nilikuwa kazini, mume wangu yuko na kochi lake. Ndiyo maana kafanya haya. Nguvu zimemjaa, kazi hana."

Afande aliweka kikombe chini. "Nendeni mkanywe chai. Niachieni hapa kidogo."

Alipobaki peke yake, alichuchumaa kama alivyochuchumaa mbele ya mambo mabaya zaidi ya hayo. Kwanza alimkagua mshukiwa. Tumbo la Kishindo lilikuwa na matope yaliyoanza kukauka, na nyayo zake pia. Ulimi ulikuwa nje. Alilala bapa juu ya saruji baridi, miguu minne kila mmoja na njia yake. Afande alirusha kipande cha sponji mbele ya pua yake, na Kishindo hakusogeza hata sharubu.

"Wewe umechoka, bwana mkubwa," Afande alimwambia.

Kisha akaligeukia kochi. Egemeo lilikuwa zima, na mikono yote mizima, hata ile pembe iliyojitokeza ambayo mbwa yeyote mwenye meno angeanzia hapo. Kati ya viti vitatu vya kukalia, cha katikati hakikuguswa. Vya pembeni ndivyo vilivyochunwa ngozi. Aliokota kitambaa cha kimojawapo, akakipeleka dirishani penye mwanga. Mahameli hushika manyoya kuliko hata sketi, na hiki kilikuwa safi, kijani kitupu. Sponji nazo zilikuwa kavu. Hakuna tone la mate, na nyuzi za mshono zilikuwa zimekatika sawasawa. Alikipapasa kitambaa taratibu kwa kiganja, kuelekea ukingo wa mbele uliokuwa na mkanda wa urembo. Akarudia. Akaenda kupapasa kile kiti kizima cha katikati, halafu egemeo, halafu mkono wa kochi. Akaguna peke yake.

Jirani mfuga bata alikuwa ameshajiegemeza ukutani kati ya nyua mbili, shingo ndefu kama ya mifugo yake. Hakuna asiyejua kwamba hampendi Kishindo. Mbwa huyu habweki sana; hulia kama anayeimba msiba, na bata wakimsikia hawatagi.

"Afande, nasikia anaondoka! Mungu mkubwa."

"Shikamoo yangu kwanza iko wapi?"

"Ah, shikamoo, Afande. Furaha imenizidi."

"Marahaba. Sasa niambie. Wewe karakana hii huwezi kuifikia? Maana mtu mwenye hamu hivi ya kumwona mbwa anaondoka..."

Jirani alitoa macho. "Mimi? Ukuta huu niupande kwa goti gani? Tena leo sikuwa na ugomvi naye. Alfajiri nilikuwa nawalisha bata, nikamwona anarudi na Mwalimu kutoka bondeni, ulimi unaburuza chini. Mwalimu mwenyewe anapumua kama injini mbovu. Nikasema moyoni, leo walau bata wangu watapumzika. Na kweli, hakulia hata kidogo."

"Anarudi na nani?"

"Na Mwalimu. Mbona wanakwenda kila siku? Kwani ni siri?" Hapo jirani akaona amechokoza nyuki, akakumbuka kwamba ana bata wa kuhesabu.

Mwalimu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkanda wa mbwa na brashi vimewekwa kando yake, tayari kwa safari. Uso aliuelekeza ukutani. Afande alipouona ukuta ule, alikumbuka maneno ya Nesi.

"Kaka, leo asubuhi ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote."

"Viatu vyako mlangoni vina matope."

"Ya jana."

"Matope ya jana yangekauka. Kaka, mimi nimedanganywa na majambazi waliobobea, wewe hujui hata kuanza. Ulimtembeza?"

Mwalimu alitupa jicho mlangoni, kuona kama mkamwana yuko karibu. Sauti ikashuka. "Kila siku, kabla Nesi hajarudi. Tunazunguka bonde lote, yeye anakimbia, mimi najikongoja. Usimwambie, atanifungia ndani." Akaigeuza brashi mkononi. "Ndiyo inaniuma, dada. Nimemkimbiza mpaka kachoka, bado kaenda kuharibu kazi ya mwanangu. Basi huyo haponi. Mimi ndiye nimeshindwa kumlea."

"Mliporudi alikwenda wapi?"

"Bafuni, kwenye saruji. Akishapata joto, hatoki pale. Nilimfukuza ili nioge."

Afande alimpigapiga kaka yake begani, akatoka. Saa tatu na nusu aliwaita wote karakanani. Fundi alikuwa anafagia sponji, akaambiwa aache. Nesi alisimama karibu na mlango, bado na sare. Mwalimu alimshika Kishindo mkanda, ingawa Kishindo hakuwa na mpango wa kwenda popote.

"Nina maswali machache," alisema Afande. "Mkamwana, mbwa huyu akikesha bila mazoezi anafanyaje?"

"Anabomoa."

"Na akichoka?"

"Akichoka ni mzoga. Unaweza kumruka."

"Leo alichoka. Alizunguka bonde lote alfajiri." Nesi alimgeukia baba mkwe wake, mdomo wazi, Mwalimu akajitia kukagua dari. "Utamgombeza baadaye, mama. Pili, nipe brashi hiyo, kaka."

Alimpitishia Kishindo brashi mgongoni mara moja, ikatoka imejaa hadi mpini. Alilitupa fungu lile juu ya kiti cha katikati, kisha akalipangusa kwa mkono. Nywele nyeupe zikabaki zimeng'ang'ania mahameli.

"Hivi ndivyo kitambaa kingekuwa, kama yeye ndiye aliyekivuta na kukilalia. Sasa tazameni hiki kilichochanika. Nywele ziko wapi? Mate yako wapi? Mtu amekata mshono kwa wembe, halafu akamalizia kwa mikono ili paonekane ni meno."

"Jirani!" alisema Nesi.

"Jirani hawezi kupanda ukuta, na ndiye aliyetwambia ukweli." Afande alimgeukia fundi. Sauti yake haikupanda. "Mwanangu, hebu nisaidie mimi nisiyejua kazi. Nikipapasa egemeo kushuka chini, mkono unateleza. Kiti cha katikati, kuja mbele, unateleza. Hivi viwili vilivyochanika, kuja mbele, unakwama. Kwa nini?"

Fundi aliutazama ufagio.

"Mahameli ina mlazo wake," aliendelea Afande. "Vipande vyote lazima vilale upande mmoja, la sivyo kwenye mwanga kochi moja linaonekana la rangi mbili. Viti viwili vilikatwa kichwa chini. Na ni hivyo viwili tu vilivyoraruliwa. Huyu Kishindo amesomea ufundi makochi wapi?"

Bata walisikika upande wa pili.

"Nilikata jana jioni, kwa taa," alisema fundi hatimaye. "Niliona sawa. Leo nimefungua dirisha, jua likapiga, nikaona viti viwili vyeusi na kimoja kijani." Alikaa juu ya sponji zilezile. "Shangazi, kosa hilihili ndilo lililonifukuzisha kwa Mzee. Aliniambia mbele ya wenzangu wote, wewe macho huna, nenda ukalime. Miaka yote hii hakunisemesha. Mwezi uliopita kaja mwenyewe, kaleta kitambaa, kasema, nishonee langu. Langu, Shangazi! Ningemwonyesha nini?"

"Ukamwita mbwa."

"Nilimwita. Alikuja akalala. Nikamwekea kitambaa mdomoni akitafune, akageuza uso. Akanilamba mkono." Aliufuta mkono ule surualini. "Nilidhani Baba atamgombeza tu, yaishe. Aliposema pikapu, nikataka kusema, ulimi ukagoma."

Mwalimu alikuwa hajatikisika. Alipozungumza, alizungumza polepole, kama aliyekuwa akisahihisha daftari la mtoto anayempenda.

"Mama yako alipofariki, nilikuwa sitaki kuamka. Nani aliingia chumbani kwangu na mbwa mchanga ndani ya koti?"

Fundi aliokota kipande cha sponji, akakifinya.

"Nani?"

"Mimi, Baba."

"Ukasema nini?"

"Nilisema, huyu hatakuacha ulale."

"Ukaniacha niwapigie simu watu waje kumchukua. Umeniona nafunga mkanda wake. Ukaniacha." Mwalimu alijifuta uso kwa lile taulo. "Kochi ningekusaidia kulieleza. Ningekwenda kwa Mzee wako mimi mwenyewe, na nyonga hii."

Nje, pikapu ilipiga honi. Kishindo aliinua kichwa. Mwalimu akaukaza mkanda mkononi, akamtazama dada yake, dada akamtazama fundi. Nesi alitaka kwenda getini. Afande akamzuia kwa kiganja.

Fundi aliinuka, akajikung'uta sponji magotini, akatoka. Wote watatu walimsikia akifungua geti. Mwenye shamba hakuwa peke yake. Njiani alikuwa amempa lifti mzee mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akija nyumba hiyohiyo kuona kochi lake. Jirani naye alikuwa tayari ukutani, bata mmoja kwapani.

Fundi aliwaamkia wote wawili. Kisha akaongea kwa nguvu, hata walio karakanani wakasikia kila neno.

"Mbwa haendi. Hakuharibu kitu. Kochi nimelichana mimi, Mzee, kwa sababu nilikata mlazo vibaya tena."

Mwalimu alimfungua Kishindo mkanda.