Ushanga wa Mraba wa Tisa

Kila asubuhi mimi na shangazi yangu tulitoka nyumbani pamoja, yeye na ndoo yake, mimi na mkoba wangu wa shule. Ndani ya ndoo kulikuwa na brashi mbili za rangi, mwiko mdogo wa mwashi, na gunia lililokunjwa mara nne la kupigia magoti. Ungemwona ungedhani anakwenda kupaka mtu nyumba rangi. Kumbe alikuwa anakwenda kwenye magofu, nyuma ya barabara ya soko, kupiga magoti kutwa nzima akifagia udongo taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Kazi hiyo aliipata baada ya kukaa nyumbani muda mrefu, na aliipenda kupita kiasi. Jioni kabla hata hajavua viatu alikuwa ameshaanza: leo tumepata kigae cha chungu, leo mfupa wa samaki, leo jiko la mafiga matatu na majivu yake bado yapo. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimtania kwamba amegeuka mpekuzi wa jalala la marehemu. Shangazi alicheka, akamjibu kuwa jalala ndilo lisilodanganya, maana hakuna anayetupa takataka ili aonekane.

Mimi nilisikiliza mpaka chai ikapoa. Shuleni historia ilikuwa miaka na majina ya kukariri. Nyumbani ilikuwa na moshi na mifupa ya samaki. Kwa hiyo mwalimu wa historia alipotangaza kwamba Alhamisi darasa letu litatembelea magofu, nilipiga kelele kuliko wote. Hakuna aliyeshangaa. Jina langu la utani darasani ni Kasuku, na sikupewa bure.

Siku hiyo tulipokelewa na mtaalamu wa mambo ya kale, mwanamke mwembamba mwenye rula ndefu ya mbao kwapani. Wafanyakazi wote walimwita Mama Rula, naye aliitika. Alituonyesha jinsi eneo lote lilivyogawanywa kwa kamba nyeupe kuwa miraba, kila mmoja na namba yake kwenye kibao. Akatupa sheria moja tu. Kitu kikionekana ardhini hakiguswi. Kinachomekewa kijiti, kinapimwa umbali wake kutoka kwenye kamba, kinapigwa picha, ndipo kinanyanyuliwa. Tulimwitikia ndiyo kwa pamoja, mimi sauti yangu ikiwa juu ya zote.

Kisha mwalimu akatuambia kila mtu achague mraba mmoja auchore. Wenzangu wakamfuata Mama Rula kwenye kisima cha kale, kule mwisho kabisa, maana wote walitaka kuchora kisima. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mraba wa tisa. Huo ulikuwa wa shangazi. Katikati yake ulipita msingi wa ukuta: upande mmoja ulikuwa jikoni, penye yale mafiga matatu, upande wa pili sebule ya kupokelea wageni. Nilichora kwenye daftari la hesabu, lile lenye visanduku. Kamba za mraba zilikuwa na fundo kila baada ya shubiri, nami nikahesabu fundo moja kisanduku kimoja, kama shangazi alivyonifundisha.

Mara brashi yake ikasimama. Penye udongo palikuwa na doti ya buluu. Alifagia tena mara mbili, tatu, na ushanga ukatokea nusu, mkubwa kama punje ya haragwe, unang'aa utadhani umedondoka jana. Shangazi alichomeka kijiti pembeni yake. Alitakiwa asiuache peke yake hata kidogo, lakini alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa pale, basi akaniamini.

"Namwita Mama Rula," aliniambia. "Angalia kwa macho tu. Mikono mgongoni."

Mwanzo nilitii. Niliuchora ule ushanga kwa penseli, nikakandamiza kwa furaha mpaka karatasi ikataka kutoboka. Halafu nikajiuliza kama una tundu. Nilitaka kujua hilo tu, jamani. Nikanyoosha kidole nikaugusa, ukatikisika, na kabla sijajua nimefanya nini ulikuwa kiganjani mwangu. Tundu lilikuwepo. Nikasikia hatua za watu zinakuja. Nilipojaribu kuurudisha sikuona tena ulipokuwa, na kiwiko changu kikaangusha kijiti. Nikaufumba mkononi, na nilipojifanya nafunga kamba ya kiatu, nikautumbukiza kwenye soksi.

Mama Rula aliinama, akaangalia, akainuka. Shangazi alisema ulikuwa hapa, mama, hapa hapa, na kila alivyozidi kusema ndivyo sauti ilivyozidi kufifia. Wakanigeukia mimi. Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu tu: nimeushika, nisamehe, shangazi. Mimi Kasuku, ninayeweza kuongea tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, nilishindwa kuyatoa. Nilichotoa ni uongo.

"Mimi sijagusa," nilisema. "Labda umezama kwenye udongo."

Mwalimu aliliita darasa zima, akatuamuru tugeuze mifuko nje, tukageuza. Soksi hakuna aliyeziangalia. Tulipoondoka nilimwona shangazi bado amepiga magoti, anapapasa udongo kwa vidole.

Jioni alirudi mapema. Ndoo hakuwa nayo. Alimweleza baba kwamba ameambiwa apumzike mpaka ijulikane kitu kimekwenda wapi, kwa sababu aliyekifukua ndiye aliyekiacha. Hakuna aliyemwita mwizi, alisema. Ila mwenzake mmoja alimuuliza kwa utani kama anashona mkufu. Baba hakumtania safari hii. Aliniuliza mimi kama kweli sikuona kitu, na mimi nikatikisa kichwa, na kichwa kile kilikuwa kizito kuliko siku zote.

Ijumaa na Jumamosi shangazi alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Jumapili alikwangua sufuria mpaka ukimtazama unaweza kujiona. Kila nilipomwona nilifungua mdomo, na kila nilipoufungua nilisikia nauliza kama anataka nimsaidie kusuuza. Ushanga nilikuwa nimeufunga kwenye kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa kalamu. Raha yote ya kuutazama ilikuwa imeisha. Nilichukua ufutio, nikaufuta kwenye mchoro wangu pamoja na kijiti chake, nikapuliza takataka. Jumatatu asubuhi mwalimu alikusanya madaftari, akasahihisha, na saa ya mwisho akanirudishia langu ameandika: Mchoro safi, hongera. Niliona aibu ambayo sijui niielezeje. Ningeandikiwa matusi ningejisikia vizuri zaidi.

Nikapiga moyo konde. Baada ya masomo nitapita kwenye magofu, nitaudondosha ushanga kwenye mraba wa tisa, watauona wenyewe, shangazi ataitwa kazini na dunia itaendelea. Mlinzi alinijua, akaniruhusu nichungulie kutoka kwenye kamba. Nilichungulia. Mraba wa tisa ulikuwa shimo. Udongo wote wa juu ulikuwa umechotwa na kuchekechwa, ndoo kwa ndoo, siku mbili nzima, wakiutafuta ushanga niliosema umezama. Msingi wa ukuta ulikuwa umebaki umening'inia katikati. Pale ushanga ulipokuwa sasa palikuwa hewa tupu. Nilikuwa nao mkononi na sikuwa na mahali pa kuuweka popote duniani.

Nililia njia nzima. Nyumbani nilimkuta shangazi uani anachambua maharage, nikaufungua mfuko wa kalamu, nikauweka ushanga juu ya sinia katikati ya maharage. Aliutazama muda mrefu. Nilingojea anipige, na nadhani ningeshukuru.

"Vaa viatu," alisema.

Mama Rula tulimkuta kwenye chumba chao cha kazi, chumba chenye meza ndefu na visanduku vya karatasi ngumu vilivyoandikwa namba. Shangazi alimwamkia, akanisukuma mbele kidogo, akarudi nyuma. Nilisema yote. Nilieleza kidole, kijiti, soksi, uongo, ufutio. Mama Rula hakukunja uso wala hakufurahi kuuona ushanga. Aliuweka kwenye kisahani kidogo.

"Unajua nilikuwa nautaka wa nini?" aliniuliza. "Ungekutwa sebuleni, ningesema pengine mgeni aliudondosha. Ungekutwa jikoni, ningesema pengine aliyekuwa anapika ndiye aliyeuvaa. Hizo ni habari za watu wawili tofauti kabisa. Sasa nenda unionyeshe ulikuwa wapi."

Tulikwenda sote watatu. Nilinyoosha kidole juu ya shimo, nikasema hapo. Halafu nikasema hapana, hapo. Mara ya tatu nikakishusha kidole. Shangazi naye alijaribu akashindwa. Alikuwa amezoea kuusoma udongo, na udongo haukuwepo. Mama Rula alishusha pumzi. Alisema basi, tumebaki na ushanga mzuri usiosema kitu. Hakusema kwa hasira, na mimi sikuwa na la kufanya. Kulia kusingerudisha udongo, wala kuomba radhi.

Ni shangazi aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kama ile picha niliyoichora ninayo. Nilimwambia ninayo lakini ushanga nimeshaufuta. Mama Rula aliomba aione hivyo hivyo. Nililitoa daftari kwenye mkoba uliokuwa bado begani, naye akarudi nalo kwenye chumba cha kazi, akaliinamisha dirishani ili mwanga ulipige kwa ubavu. Halafu akachukua penseli, akailaza, akapaka ukurasa ule kijivu chepesi, polepole. Katikati ya kijivu pakabaki kiduara cheupe. Pembeni yake, mstari mdogo mweupe. Ulikuwa ushanga wangu na kijiti chake.

Nilikuwa nimefuta risasi ya penseli tu. Shimo nililolikandamiza kwenye karatasi siku ile, nikiwa na furaha, lilikuwa bado lipo.

Mama Rula alihesabu visanduku kutoka kamba hii na kutoka kamba ile, akahesabu tena, akampa shangazi rula naye ahesabu. Hesabu zote mbili zililingana. Ulikuwa upande wa jikoni, karibu na ukuta, shubiri tatu kutoka kwenye mafiga. Shangazi alikaa kitini ghafla, akajifunika uso kwa kanga. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuthubutu kumgusa.

Mama Rula aliandika kwenye kitabu chake kikubwa, kisha akanigeuzia nione. Baada ya vipimo alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Nilimuuliza kama itafutwa baadaye. Akasema haitafutwa.

"Sikiliza," aliniambia. "Kitu cha kale ni shahidi. Anaweza kusema alichoona, lakini ukimtoa alipokuwa amekaa unamziba mdomo, na hakuna atakayemfungua. Mimi sikuwepo, wewe una miaka kumi na miwili, na ulifuta. Nikiandika kwamba nina hakika nitakuwa mwongo kama wewe. Umesema ukweli, na umenisaidia. Ungeusema Alhamisi ungenisaidia zaidi, na shangazi yako asingelala siku nne na aibu isiyo yake. Ukipenda historia, penda kwanza kusema kilichotokea, hata kama aliyekifanya ni wewe."

Kesho yake shangazi alichukua ndoo yake. Mama Rula alimwonya kwa kuuacha ushanga bila kupimwa, akakubali kosa, akapewa mraba wa kumi. Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikaeleza niliyoyafanya. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa. Nyumbani zile habari za jioni hazikurudi mara moja. Shangazi alikula kimya karibu wiki mbili, nami sikudai. Kisha jioni moja, akiwa bado hajavua viatu, alisema bila kunitazama kwamba leo wamepata kizibo cha mtungi. Niliacha chai yangu ipoe.

Siku hizi kile chumba cha kazi kina kabati la kioo, na wageni wanakuja kutazama. Kila kitu kina kikaratasi chake chenye vipimo kamili. Ushanga wa buluu uko rafu ya pili. Kikaratasi chake kinasema: Mraba wa tisa, upande wa jikoni, takriban. Wageni wanauona ushanga, wanasema mzuri, wanapita. Mimi nikienda huwa nasoma lile neno la mwisho kwanza, kwa sababu hilo ni langu.