Kuni za Godeberthe

— Acha kushona hiyo nguo.

Sonia aliondoa mguu kwenye cherehani. Simu aliibana kati ya sikio na bega, na mapajani alikuwa na gauni lake la harusi. Lilibaki pindo tu.

— Baba, kuna nini?

— Baba yako mudogo Prince amekufa. Bomu ilianguka ku nyumba yake, kule karibu ya Uvira. Hata hatujui nani alitupa.

Mzee Baudouin, baba yake, hakungoja jibu.

— Baaskari ba Burundi bako kwetu Kongo. Na mudogo ya ule Thaddée wako iko kati yao. Kaka yako Bienfait aliona picha yake mu simu ya Thaddée. Alikuambia?

Hakumwambia. Thaddée, seremala wa mtaa wa Misiera kule Nakivale, Mrundi aliyempenda kwa miaka miwili, alikuwa amemwambia kwamba mdogo wake ni mwalimu Gitega, Burundi.

— Jumamosi basikuje kuposa, baba akasema. Sitakula na watu ambao batoto babo banatuulia watu.

Mama Mnyankole mwenye duka hilo la kushonea, pale Nyamitanga, mjini Mbarara, alikuwa amesikia mazungumzo na kuelewa. Alilikunja gauni, akaliweka juu kabisa ya kabati.

— Wewe kwenda kwa baba kwanza. Hii mimi naweka. Hapana mtu atashika.

Ndani ya gari la kwenda Nakivale, kambi ya wakimbizi alikoishi baba yake, Sonia alimwandikia Thaddée: "Mdogo wako Onesphore ni askari?"

Jibu lilikawia. "Ndiyo. Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Basi umenipoteza," akaandika, akazima simu.

Nyumbani walikuwa wameshatandika turubai. Lilikuwa tanga lisilo na maiti, maana hakuna aliyeweza kuvuka kwenda kumzika Prince. Wakongo wenzao wa Kivu walikaa chini, na kila aliyeingia alileta chochote alichoweza: unga, maharagwe, dumu la maji.

Mchana ule akaingia bibi kizee wa Kirundi, ametwika mzigo wa kuni. Alikuwa Godeberthe, nyanya yake Thaddée, aliyemlea tangu mama yake afariki. Vijana walinong'ona. Mmoja akauliza kwa sauti, huyu kafuata nini kwetu.

Mzee Baudouin alimtazama bibi, kisha ule mzigo wa kuni. Lakini kwao, mtu aliyeleta kuni kwenye tanga hafukuzwi, hata kama mligombana jana.

— Mumuache, akasema. Moto unahitaji kuni.

Kwa siku tatu bibi yule alikaa kando ya moto. Alichochea, akasugua masufuria, akawapa watoto wa wafiwa uji kabla ya kunywa wake. Kila asubuhi alikuja na mzigo mwingine. Sonia alipozipanga zile kuni, aliona zimepasuliwa sawasawa, kila kipande na mwenzake, kana kwamba ni miguu ya viti. Akamjua aliyezipasua. Hasira haikumtoka, ila mkono wake ulikawia juu ya kipande kimoja.

Siku ya tatu alimpelekea bibi maji. Godeberthe alikuwa ameupa umati mgongo, akilia pasipo sauti. Midomo yake ilikuwa inasema, "Onesphore, Onesphore wangu."

Sonia akachuchumaa.

— Bibi, unamlilia nani?

— Mjukuu wangu. Tulipokimbia Burundi alibaki kwa mjomba wake. Kazi ikakosekana, akaingia jeshi. Mwezi uliopita wakamvusha mto wa mpakani, kwenda kwenu Kongo. Juma lililopita mwenzake alipiga simu, akasema Onesphore hayuko tena. Mwili hatukupewa.

— Mbona hamkuweka tanga?

— Ningewaambia nini jirani zangu? Sisi tuliikimbia serikali ile, halafu nililie askari wake? Nilimeza tu. Kisha nikaona moshi kwenu, nikasema, pale kuna fasi ya kulia bila kuulizwa.

Sonia alimkumbatia. Kisha akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akamweleza yote mbele ya wazee. Mzee Baudouin akainuka, akaja kuketi chini, upande wa pili wa moto.

— Mama, siku tatu unalilia mutoto wako mu kilio yangu, na hukusema?

— Nilimlilia na Prince wako. Machozi hayakugawanyika.

Mzee akainamisha kichwa. Godeberthe akasukuma kipande cha kuni ndani, akaendelea kwa upole:

— Katika vita vya Wajerumani na Wabelgiji, babu yangu alibebeshwa mizigo ya Wajerumani. Wako je?

— Ya Babelgiji. Hakurudi.

— Wangu alirudi bila mguu. Walibeba risasi za watu wengine, waliokuwa wakigombania mto wetu wenyewe. Mwisho Mbelgiji akatutawala sote, na wewe ukapewa jina la mfalme wake.

Mzee Baudouin akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu habari ile ije.

— Baba alisema jina hilo litaniletea bahati.

— Limekuleta Nakivale, mfalme wangu.

Waliokuwa karibu wakacheka pia.

— Leo bendera ni zetu, mzee akasema. Tunaimba, tunasema nchi yetu, nchi yetu. Lakini mwenye kubebeshwa ni ule ule, mutoto wa maskini.

Akachukua vipande viwili vya kuni, akaviweka motoni kimoja baada ya kingine.

— Hii ya Prince. Na hii ya Onesphore.

Halafu akawageukia watu wake. Aliwaambia tanga la hapa linakwisha leo, na kesho asubuhi wote watakwenda Misiera kukaa kwa mama huyu. Asiyetaka abaki, lakini yeye kuni zake atabeba mwenyewe. Kisha akamuuliza Sonia Thaddée yuko wapi.

Sonia alitoka nje ya ua. Thaddée alikuwa barabarani, shoka mkononi, macho mekundu. Siku tatu hakuthubutu kupita mlangoni.

— Pole na mdogo wako, Sonia akasema.

— Pole na baba yako mdogo.

Sonia akamsogelea.

— Ulinidanganya, Thaddée.

— Nilikudanganya. Niliona aibu, nikaona na hofu. Nisamehe.

— Mimi si baba yangu, wala si serikali. Ningekusikiliza. Ukinificha tena?

— Sitakuficha.

— Hata jambo la aibu?

— La aibu ndilo nitaanza nalo.

Sonia akaridhika. Kisha akalichukua shoka mkononi mwake, akaliegemeza kwenye ua.

— Ingia unawe mikono. Baba anakuulizia.

Asubuhi iliyofuata, watu wa Misiera walimwona mzee wa Kikongo akija na mzigo wa kuni begani, na nyuma yake msururu wa watu wa Kivu. Jirani Warundi walichungulia milangoni. Mmoja akatoka na mkeka, mwingine na maji. Hakuna aliyemuuliza Godeberthe mjukuu wake alivaa sare gani. Akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza, na Mzee Baudouin akamshika bega.

Miezi miwili baadaye kikao cha posa kilifanyika, na kuni zilizobaki kwenye matanga yale mawili ndizo zilizopika chakula. Jioni Sonia alimtumia ujumbe yule Mama Mnyankole wa Mbarara: "Mama, nguo yangu bado iko?"

Jibu likaja papo hapo: "Iko juu ya kabati. Hapana mtu ameshika. Kuja umalize pindo."