Waliililia Fulana Yangu

Nilifika kwenye msiba wangu mwenyewe nikiwa na begi mgongoni na mkate wa mahindi mdomoni.

Sitanii. Leo sitanii, na mnaonijua mnajua hilo kwangu ni kazi.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nimeshuka basi hapa kwetu Punta Jocote, pwani ya Nikaragua, nakuta ufukwe mtupu. Hoteli kimya. Ukumbi wa yoga una mikeka tu.

Nikatazama baharini.

Watu kama arobaini wamekaa juu ya mbao zao za kutelezea mawimbini, kule nyuma ya mawimbi, wameshikana mikono wakafanya duara. Sisi watu wa mawimbi ndivyo tunavyomuaga mwenzetu aliyekufa. Maua yanatupwa katikati, maji yanapigwa kwa viganja, jina linaitwa mara tatu.

Nikavua kofia. Masikini, nani tena?

"Yáder! Yáder! Yáder!"

Jamani... Yáder ni mimi.

Na aliyekuwa analia kuwashinda wote ni mshikaji wangu, Bismarck. Bismarck huyohuyo aliyenisindikiza kituoni Jumatano. Alijua kabisa niko mjini León, nazunguka kuomba kazi kwenye hoteli nyingine. Simu yangu ilikuwa imekufa kwa maji ya chumvi, ya tatu mwaka huu, kwa hiyo wengine walikuwa na haki ya kutojua.

Yeye hakuwa na haki hiyo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Kazi yangu ni kufundisha wageni kusimama juu ya ubao. Asubuhi mawimbi, jioni yoga. Wanasema wametuchagua kwa sababu mji wetu hauna haraka. Kweli kabisa. Hata mimi nilichelewa kuzikwa.

Hoteli inamruhusu kuingia baharini na wageni mwalimu mwenye fulana nyekundu tu, ile ya kubana, yenye jina na namba ya chama chetu. Kuipata kuna mtihani, na mtihani wenyewe ni kuogelea mpaka utapike. Lakini ukiwa na dharura unamwazima mwenzako fulana, anakushikia zamu. Wote tunafanya hivyo. Ingrid, mama mwenye hoteli, atamsalimia "Yáder" yeyote aliyeivaa. Bismarck ameshakuwa mimi wiki nzima, na ananizidi kilo thelathini.

Basi Jumatano nilimwachia Bismarck fulana yangu anitafutie mtu wa Alhamisi. Nikiwa dirishani mwa basi nikamtupia na utani mmoja, tukacheka mpaka dereva akapiga honi. Utani huo nitaurudia.

Duara likavunjika, watu wakarudi nchi kavu. Bismarck akaniona.

Hakushtuka kama anayeona mzimu. Aliinamisha kichwa.

"Nani alikuwa ndani ya fulana yangu?" nikamuuliza.

Akachomeka ubao wake mchangani.

"Bismarck, nakuuliza wewe."

Kabla hajajibu, Ingrid akanirukia, mikono yote shingoni. "Yáder! Bahari imekurudisha!"

Nyuma yake alisimama mgeni mmoja aliyeahirisha safari yake, mwanamke Mholanzi mwenye mkono uliofungwa bendeji. Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa Kihispania chake cha kuokoteza:

"Siye huyu."

"Ndiye Yáder," Ingrid akasema. "Mwalimu wako wa Alhamisi."

"Siye. Yule alinisukuma juu ya ubao wake, akaniambia shika, usiachie, kisha maji yakamvuta. Alikuwa anatabasamu ili nisiogope. Alikuwa na pengo hapa."

Akagusa jino lake la mbele, la kushoto.

Ndugu zangu, pengo hilo nalijua. Nililitoboa mimi kwa ncha ya ubao, yeye akiwa na miaka kumi. Nimemwita Dirisha tangu siku hiyo.

Norvin. Mdogo wangu. Mpishi wa samaki kwenye kibanda cha mama, kijana aliyefeli ule mtihani wa kuogelea mara mbili.

Nilimkamata Bismarck shingo. "Mlango wa mto ulikuwa umefunguka! Mvua yote ile ya Jumatano usiku, nawe ukamwacha Norvin aingie?"

Kila mtu wa hapa anajua. Mvua ikivunja ule ukingo wa mchanga, mto unamwagika baharini na kuvuta kila kitu nje. Siku mbili hatuingii.

"Ingrid alisema wageni wanaondoka Ijumaa, somo halingoji," akasema kwa shida. "Mimi nilikuwa na kundi upande wa pili. Nilimwambia Norvin asivuke lile jiwe la kuelekea mtoni."

"Kwa nini yeye? Walimu wote hawa, kwa nini yeye?"

Bismarck akanitazama, machozi na makamasi pamoja.

"Si ulisema wewe, kaka. Pale dirishani."

Haya. Utani wenyewe ni huu:

"Ukikosa mtu mpe hata Dirisha. Hao hawaangalii sura, wanasoma fulana."

Tulicheka sana.

"Na mama?" nikauliza. "Mama anajua nini?"

"Anajua umekufa wewe. Nilimwambia Norvin ameenda kusini kuutafuta mwili wako." Akageukia bahari. "Nilijua utarudi. Nikasema ukirudi... utamwambia wewe."

Nyumbani nilimkuta mama mbele ya picha yangu, mishumaa minne, majirani wanasali. Aliponiona alinishika miguu kwanza, kuhakikisha inagusa chini. Kisha akanipiga kofi. Kisha akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akapuliza mishumaa yote mmoja mmoja.

"Mjinga wewe," akasema. "Mdogo wako anazunguka pwani nzima kukutafuta. Kaa. Nakaanga ndizi. Norvin akirudi atakuwa na njaa."

Akaweka sahani tatu.

Nilimwacha akaange. Sijui kama ni huruma au woga. Nilimwacha mama yangu na furaha yake kwa muda wa ndizi kuiva, halafu nikachukua kibiriti, nikaanza kuwasha ile mishumaa upya.

Alinitazama nikiwasha. Alizima jiko.

Mwili haujapatikana mpaka leo. Kwenye ukumbi wa yoga wametundika ubao wa kumbukumbu wenye jina langu, na Ingrid anasema ataubadilisha wageni wakipungua. Duara la Norvin tulikuwa saba. Yule Mholanzi alikuja na mkono wake mbovu, akaita jina kwa sauti kuliko sisi sote.

Mimi fulana ile siivai tena. Na wewe unayesoma, kama kuna mtu unamfanyia utani kila siku, yule anayecheka ili akufurahishe, mwangalie usoni leo. Mwite jina lake.

Langu mimi limeshaitwa mara tatu. Haikuwa zamu yangu.