Jina la Mwisho Mnarani

Mimi sikuwapo. Aliyeniambia ni rafiki yangu Sumaili, aliyekuwa kapita, msimamizi wa vibarua, hapa Kasongo, enzi za Wabelgiji.

Wazungu wa mjini walipanga kwenda kushinda siku nzima kwenye shato, nyumba yenye mnara kama za wafalme katika vitabu vya watoto wao. Muzungu mmoja wa kampuni ya pamba aliijenga kwenye njia ya Kabambare, kisha akarudi kwao. Sumaili alitangulizwa na watu wake kufagia.

Shato ile aliijua. Ndiye aliyewasimamia walioijenga, siku ukuta wa mnara ulipomwangukia mwashi Kalonda, mtu wa Lusangi. Muzungu alikataza kumfukua, eti kazi itachelewa. Wakajenga juu yake. Mama yake alikuja kuomba maiti, akapewa chumvi.

Mnara haukuwa na dirisha; mchana wote ndani ni giza. Wakifagia walisikia ko, ko, ko, kama mwiko wa mwashi unaogonga tofali.

"Ni panya tu," alisema Sumaili.

Walipomaliza, aliita majina mule gizani, kama kila siku.

"Feruzi!"

"Niko, kapita."

"Amuri!"

"Niko, kapita."

Ulimi ukaendelea wenyewe, kwa mazoea ya zamani:

"Kalonda!"

Kugonga kukakoma. Nje wazungu walikuwa wanashuka garini, wanacheka. Ndani ya ukuta, karibu na magoti yake, sauti ikajibu bila hasira, kama ya mtu aliyekatizwa kazi:

"Niko, kapita. Lete matofali ingine."