Funguo Zilizobaki Nje

Rafiki yangu Gitau hasahau siku yake ya kwanza ya ulinzi kwenye ghala moja kule Landover, Marekani, mwaka tisini na nane. Rosemary, Mtanzania aliyemfundisha kazi, alimwacha ajaribu lango la kukagua vyuma.

"Kaka, toa kila chuma mwilini, halafu pita. Likinyamaza, liko sawa."

Gitau aliacha hata funguo mezani kule nje, akaingia chumba chenye lango, akapita. Lango lilinyamaza.

Mara mlango ukajifunga nyuma yake na taa zikazimika. Aligonga na kuita hadi sauti ikamkauka. Kisha lango, lenye betri yake, likalia gizani.

"Nani?"

Taa ziliporudi, alikuwa peke yake. Alitia mkono mfukoni. Funguo zilikuwemo, zina joto la kiganja.