Sumaku na Mfupa Uliopigwa Bandi

Kila alasiri Sumaku alikaa kwenye duka la mama yake, fundi cherehani, akitenganisha vifungo huku cherehani ikinguruma. Jina hilo alipewa na wenzake wa timu, kwa sababu mpira ukifika langoni kwake hunasa mikononi. Lakini sasa mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta tangu alipoanguka mazoezini, na fainali ya shule ilikuwa keshokutwa. Binti alinuna kweli kweli.

"Mama, nimeichoka hii plasta. Mkono hauniumi."

"Daktari hajasema itoke."

"Mwalimu wa sayansi ametufundisha. Mifupa bapa, kama fuvu na mbavu, inalinda ubongo na moyo. Mifupi iko kwenye kifundo cha mkono. Mirefu ndiyo ya kunyanyua na kubeba. Sasa hapa chini ya kiwiko iko mirefu miwili, na uliovunjika ni mmoja tu. Si nina wa akiba?"

"Mfupa si tairi la gari," mama alisema, akakata uzi kwa meno na kuendelea na kazi.

Ubishi wa mtoto yule, loo, ulikuwa wa kupewa kombe. Mama alipotoka kumpelekea mteja gauni, Sumaku alilowesha plasta kwenye beseni mpaka ikalainika. Kisha akachukua mkasi wa vitambaa, ambao hata karatasi hauruhusiwi kugusa, akaikata yote. Mkono ulitoka umepauka na kukonda. Hakujali, akatimua mbio hadi uwanjani.

"Nilijua hutatuangusha," alisema nahodha, msichana mrefu wa darasa la juu, akampigia mpira.

Wa kwanza aliudaka. Wa pili aliupangua kwa mkono wa kushoto, na maumivu yakampanda mpaka begani. Alikaa chini palepale, jasho likimtoka. Alijaribu kugeuza kiganja, kikagoma.

Hospitalini, mama akiwa kando yake, daktari aliwaonyesha picha ya mfupa. "Ulikuwa umeanza kuunga vizuri. Sasa umepinda."

"Lakini ule mwingine ni mzima," Sumaku aling'ang'ania, machozi yakimlenga.

"Haya, nyoosha mkono wako wa kulia. Kiganja juu. Sasa kigeuze chini. Mfupa mmoja umezunguka ukapita juu ya mwenzake. Hakuna wa akiba hapo, yote miwili iko kazini. Huu ukiunga hivi ulivyopinda, kiganja hakitageuka tena. Mpira utaudakaje?"

Sumaku alikitazama kiganja chake. Aliogopa sana, kwa kuwa kudaka ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote. Walimchoma sindano ya ganzi, wakaunyoosha mfupa na kumfunga plasta mpya.

"Mkasi wangu umeuua," mama alimwambia njiani. "Utanolewa. Mfupa je? Daktari anasema ukivunjika, mwili huushikiza kwanza kwa kitu laini, ndipo uwe mgumu. Kwetu mafundi hiyo ni bandi, mshono wa muda. Wewe umevaa gauni la bandi ukaenda kuruka nalo."

Siku ya fainali nahodha alikuja dukani. "Kipa wa akiba anatetemeka. Tuiloweshe hiyo plasta, ucheze dakika chache tu."

"Hailoweshwi."

"Basi unatusaliti."

"Niite msaliti, sawa. Nitasimama nyuma ya goli nimwelekeze kipa. Lakini mkono huu ni wangu, na nataka kudaka mpaka nizeeke. Hata mkinifukuza timu, siutoi."

Nahodha aliondoka akisonya. Timu ilifungwa bao moja, na baadhi ya wenzake hawakumsemesha kwa muda mrefu. Iliuma, lakini hakujuta hata kidogo.

Plasta ilipotolewa, safari hii na daktari mwenyewe, kiganja kiligeuka juu, kikageuka chini. Sumaku alikigeuza tena na tena, akicheka peke yake.

"Maumivu kuisha siyo kupona, umeliona hilo," mama alisema. "Na huo ubishi wako sitaki uuache. Mara ya kwanza ulimbishia anayekutibu, ukaumia. Siku ya fainali ulimbishia anayetaka uumie. Huyo mbishie kila siku."