Kichumba Kisicho na Mlango

"Milioni sita kwa kubofya-bofya kompyuta! Mimi niliyechora nusu ya mtaa huu kwa mkono unanipa nini? Pole?"

Bosi wa ofisi ya ramani za majengo hakuinua macho. "Rula, mteja anataka modeli ya kompyuta. Jengo zima, nguzo mpaka mabomba. Dada yako pale anaiweza. Kama na wewe unaiweza, leta yako Ijumaa nilinganishe."

Dada mwenyewe hakuwa wa damu; alikuwa binti wa meza ya pili, na Rula alimwonea wivu mpaka chai ikamkaa chungu mdomoni. Kwa hiyo mchana, binti alipotoka kula, Rula, ambaye hajawahi kuiba hata msumari, alinakili faili lake la zamani la nyumba ya kona ili aligeuze liwe lake, akafuta kuta, akabakiza nguzo. Katikati alikuta kichumba cha hatua mbili kwa mbili, hakina mlango wala dirisha.

"Na huyu ndiye bingwa!" Akacheka, akakifuta.

Alipoikagua modeli, mashine ikatoa kosa moja jekundu: bomba la chumba cha kulala limegongana na kitu. Kitu gani? Pale palikuwa patupu. Akahamisha bomba, kosa likahamia koridoni. Akafuta korido; likasimama mlangoni, doa jekundu la kimo cha mtu mzima, na harufu ya saruji mbichi ikaanza kutoka, si kwenye kioo cha kompyuta bali nyuma ya shingo yake, pale pale ofisini, jua la saa nane likiwaka, na pamoja na harufu ikaja sauti ya mtu anayeparuza ukuta kwa kucha, taratibu, kama anayepima.

Alimkuta binti kwenye ngazi.

"Dada," alinong'ona, "nimeiba faili lako. La nyumba ya kona."

Uso ukamshuka binti. "Kaka, niambie kile kichumba hukukigusa."

"Nilidhani umekosea!"

"Sikukosea. Mle yumo mmoja, ana wivu, hataki kuchangia nafasi na mtu wala bomba. Mafundi walikimbia mpaka nilipomchorea chake kikajengwa. Ndipo akatulia."

"Nakirudisha sasa hivi. Na kazi chukua wewe, milioni zote!"

Wakarudi mezani. Kila ukuta Rula aliouchora uligeuka mwekundu ukaanguka, na chini yake ikajitokeza nyumba nyingine, vyumba viwili, mlango alioupiga randa mwenyewe, kitanda alichokilipia kidogo kidogo mwaka mzima, nyumba yake, ambayo hajawahi kuichora popote, na kando ya kitanda, upande anaolala mkewe, kile kitu chekundu kilikuwa kimesimama kimeinama.

Simu ikaita. Mkewe.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "umemtuma nani? Kuna mtu humu chumbani, ananuka saruji, na ananiangalia kama mimi ndiye mgeni."

Simu ikakwaruza. Sauti nyingine ikaipokea, kavu.

"Umebomoa changu. Nachukua hiki. Mtoe mkeo."